Kwa Baisikeli Kandokando ya Kivu

Vijana wa Miti hutuuliza: je, wakati wa likizo twaweza kulifuata ziwa kwa baisikeli hadi Goma? Hamu yao twaielewa. Barabara ile hupita Kavumu, Katana, Kalehe, Minova na Sake, ikipanda na kushuka vilima, na Ziwa Kivu limelala chini yake, mita 1,460 hivi juu ya bahari.

Lakini toka Bukavu hadi Goma ni kilometa 200 hivi, na vita viliingia Goma Januari 2025, na Bukavu Februari. Mzazi gani atapata usingizi?

Basi shauri letu ni hili. Baada ya Misa ya asubuhi nendeni Katana, mkarudi siku ile ile. Kwanza waulizeni akina mama watokao huko kuja sokoni. Hao ndio waijuao njia ya leo. Kagueni breki na minyororo. Chukueni pampu, viraka na maji. Mwenye nguvu asimwache mnyonge mlimani. Mkiambiwa njia si salama, rudini bila haya.

Goma haihami, siku ya amani mtaifika. Mama angoja nyumbani leo.