Paka wa kisukari na kiherehere changu cha kupandisha dozi

Wadau, nilipotea kidogo. Wengine mlidhani nimetumwa mkoani kufuata ziara ya waziri. Wapi! Nilikuwa nauguza paka. Ndiyo, paka. Cheka kwanza umalize, halafu tuendelee.

Anaitwa Mzee. Ni dume aliyehasiwa, ana miaka 11, mnene wa kujisikia. Mwaka jana alianza kunywa maji kama mtu aliyekula ng'onda, anakojoa kila kona, anakula sana na bado anakonda. Mama yangu, ambaye naye anaishi na kisukari miaka mingi, alimtazama akasema, "Huyu ana ugonjwa wangu." Nikadhani anatania. Daktari wa mifugo akapima, ikawa kweli. Tukapewa insulini, yuniti 2 saa 1 asubuhi na yuniti 2 saa 1 jioni, akishakula.

Sasa njoo kwenye ujinga wangu. Siku moja nilimpeleka kupimwa. Bajaji, foleni, honi, halafu pale kwa daktari mbwa wawili wanabweka. Mashine ikasoma 24.6. Daktari akasema tusikimbilie kugusa dozi, nirudi wiki inayofuata. Mimi msomi mwenye shahada nikaona huyu bwana anazubaa. Namba kubwa namna hii, tunasubiri nini? Jioni ile nikavuta yuniti 4. Mara mbili ya dozi, kwa akili zangu timamu.

Saa 7 usiku nikasikia kitu kinajigonga kwenye miguu ya meza. Mzee anayumba kama mlevi, miguu ya nyuma haina nguvu, haitiki jina lake. Mama alishaamka. Hakuuliza kitu, alisema tu, "Lete asali." Akawa anampaka kwenye fizi kwa kidole, mimi namtoboa pembeni mwa sikio. 1.9.

"Mwanangu, ulimpa ngapi?"

Nikamwambia. Hakunijibu, na ningependa sana angenigombeza. Tulikaa sakafuni mpaka alfajiri, tunapima na kupaka asali. Saa 10 hivi alinyanyuka mwenyewe akaenda kwenye sahani yake. Kulipokucha tukampigia daktari, akasema turudi mpaka yuniti 1 na nisiguse kitu bila kumwambia.

Ndiyo maana leo naandika. Msimamo wangu ni huu: anayemtibu paka wa kisukari nyumbani asibadilishe dozi kwa sababu ya namba moja. Hata ikitisha vipi. Paka akiogopa, sukari yake hupanda yenyewe, na inaweza kupanda sana. Ile 24.6 yangu ilikuwa na bajaji ndani yake, na mbwa wawili. Mimi nikaitibu kwa insulini.

Mnaomjua Mzee mtauliza, sasa utajuaje? Pima nyumbani, siku nzima. Jumapili moja, akiwa kwenye yuniti moja na nusu, nilikaa naye kutwa na kijitabu changu cha kazini, natoboa sikio kila baada ya saa mbili. Saa 1 asubuhi kabla ya sindano alikuwa 16.2. Saa 3, 13. Saa 5, 9.1. Saa 7 mchana, 6.4. Kisha akaanza kupanda, saa 1 jioni akafika 15. Ukiitazama ile ya asubuhi peke yake utasema dozi haitoshi, ongeza. Ukiitazama ya saa 7 utasema mungu wangu, niache hapo hapo. Dozi inapimwa kwa pale sukari inaposhuka chini kabisa, na pale huoni kama unapima asubuhi tu halafu unakimbilia kazini.

Na ukibadilisha, ni nusu yuniti au yuniti 1, kisha unasubiri. Insulini za kazi ndefu kama glargine huchukua siku kadhaa kabla dozi mpya haijatulia mwilini, kwa hiyo daktari wetu anataka wiki nzima kabla ya kugusa tena. Sukari ikiwa juu kidogo kwa wiki haitamuua paka anayekula na kuchangamka. Ikishuka sana, usiku mmoja unatosha.

Halafu kuna jambo la mabomba ya sindano, hili linanitisha kuliko yote. Insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100 kwa mililita. Za wanyama, kama Caninsulin, zina 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya binadamu kwa bomba la wanyama mpaka alama ya 2, umempa yuniti 5. Soma chupa, soma bomba, kisha soma tena.

Jingine: paka, tofauti na mama, anaweza kupona akaacha sindano kabisa, hasa akianza tiba mapema na kupunguziwa wanga. Mzee alikuwa anakula wali wenye dagaa wa kuhesabu. Tulipogeuza, samaki na nyama tu, sukari ikaanza kushuka. Maana yake dozi iliyomfaa mwezi uliopita inaweza kumwangusha mwezi huu. Siku akisusa chakula, usimdunge kwa mazoea, mpigie daktari kwanza.

Kazini wananisema. Watu wanakosa insulini, wewe unampa paka! Sina jibu zuri, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Ila nimeona shangazi mmoja, hapa hapa mtaani, kapima baada ya pilau la harusi, kakuta namba kubwa, kajiongezea dozi mwenyewe bila kuuliza mtu. Kosa lile lile langu, tofauti yeye hana wa kumtoboa sikio saa 7 usiku.

Saa 1 kasoro dakika 5. Mzee ameshamaliza samaki wake na anajua kinachofuata. Ngoja nikamtoe chini ya kochi.