Mshikaki wa Buku Jero

Saa tatu usiku, umeshuka kwenye daladala la Gongo la Mboto pale Kipawa, umechoka, na kesho asubuhi una jaribio. Kutoka Barabara ya Nyerere mpaka geto, bodaboda ni buku. Mpo wawili na bumu limebaki la kuhesabu. Mnamwambia dereva, "Kaka, tupakie wote, buku jero." Anakataa. Mnambembeleza. Anakuna kichwa, anasema pandeni.

Mmeokoa jero. Mkigawana, ni shilingi 250 kila mmoja.

Ndivyo tulivyopanda mimi na mwenzangu wa chumba mwaka jana, mimi katikati, yeye nyuma. Gari dogo likatoka uchochoroni bila taa. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alivunjika muundi wa kulia, mfupa ukatokeza nje. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tuingie kwenye UE. Amefanyiwa upasuaji mara mbili na ameahirisha mwaka.

Tukizungumzia ajali za bodaboda tunakimbilia kofia ngumu. Sawa, kofia inaokoa maisha, vaa. Lakini kofia haiwezi kulinda mguu. Pikipiki ina sehemu mbili tu za kukanyagia: ya dereva na ya abiria mmoja. Ukipanda mshikaki, kuna mtu miguu yake inaning'inia hewani, na bampa la gari likija, ndiyo inayopokelewa kwanza. Halafu upande wa mbele wa muundi hauna nyama, ni ngozi tu. Ukivunjika, unatoboa ngozi kirahisi, uchafu unaingia, na mfupa ukipata maambukizi matibabu yanaweza kwenda miezi na miezi.

Watoto nao je? Simama asubuhi kwenye barabara yoyote ya ndani hapa Kipawa uone bodaboda ikipeleka watoto watatu shule, mmoja kakalishwa kwenye tangi. Watu husema mifupa ya mtoto inaunga haraka. Ni kweli, mkono wa mtoto unaweza kuunga kwa wiki chache, wakati muundi wa mtu mzima mara nyingi hudai miezi minne au zaidi. Lakini karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini inayourefusha mfupa. Hiyo ikiumia, mguu unaweza kubaki mfupi au kukua umepinda, na atatembea nao maisha yake yote.

Tunayo bahati ya kuwa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Madaktari wake wanaweza kupitisha chuma ndani ya mfupa na mtu akasimama tena. Ila hakuna chuma kinachorudisha muhula uliopotea.

Mtaniambia hiyo ni kazi ya trafiki, na madereva wana tamaa. Jamani, yule wa kwetu alikataa kwanza. Tuliombembeleza ni sisi, wasomi.

Huko Paris, mwaka 2023 wakazi walipiga kura na skuta za umeme za kukodi zikaondolewa mitaani. Sisi hatuwezi kuiondoa bodaboda. Bila hiyo wengi wetu hatufiki nyumbani usiku. Na sasa zinakuja za umeme, ambazo hata hazisikiki zikikaribia. Tunachoweza ni kubadilisha namna tunavyopanda.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ikae na viongozi wa kijiwe cha getini wakubaliane mambo mawili: abiria mmoja kwa pikipiki, na bei ya usiku inayojulikana ili tusianze kubembelezana gizani. Na sisi tuache kuomba mshikaki. Ajali ikitokea, usiuvute mguu wala usiukande. Funika kidonda kwa kitambaa safi, ufunge mguu na ubao usicheze, mkimbize hospitali. Wa majani asubiri.

Mwenzangu anarudi muhula ujao na gongo lake moja. Nimemuahidi nitakuwa namlipia bodaboda mpaka geto, ya kwake peke yake. Mimi nitapanda ya nyuma.