SEHEMU YA 4: "Imepita kwenye mashine" si sawa na "ni kweli"

Akina mama, na nyie baba mnaosoma kimyakimya, leo nina neno.

Siku hizi zipo programu za kukagua tafiti kabla hazijachapishwa. Moja inatafuta maneno yaliyonakiliwa, nyingine picha zilizorudiwa. Statcheck inapiga hesabu upya: mwaka 2016 watengenezaji wake walionyesha karibu nusu ya makala za saikolojia walizopima zina angalau hesabu moja isiyolingana. Kazi nzuri, sipingi.

Ila eti mashine ichukue nafasi ya mkaguzi? Hapo nakataa.

Mkumbuke utafiti wa Andrew Wakefield, Lancet, 1998, uliohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Watoto 12 tu! Aliyeufichua ni mwandishi wa habari, Brian Deer: alikuta yaliyoandikwa hayalingani na mafaili ya watoto wale. Lancet wakaufuta 2010. Hofu bado ipo mpaka leo.

Ni kama kadi ya kliniki. Mstari wa uzito unapanda vizuri kila mwezi, kumbe mtoto hakuwekwa kwenye mizani. Kompyuta itasoma kadi, itasema safi. Nani atauliza kama mtoto alipimwa kweli?

Basi mama, ukitumiwa "utafiti" WhatsApp, uliza: Watoto wangapi? Nani ameona mafaili yenyewe? Kuna wengine waliorudia wakapata hivyohivyo?

Na chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18. Mpeleke mtoto.