Mkojo Ukichoma Tena, Usirudi Dukani

Ndugu zangu wa Mugoma, nianze na dumu la maji. Chukua dumu lililokaa wiki nzima bila kusuguliwa, ingiza kidole, papasa ukuta wake. Utagusa utelezi. Ukimwaga maji, wenyewe unabaki; ukisuuza, bado upo. Hautoki mpaka utie mchanga utikise kwa nguvu. Utelezi ule ni bakteria walioshikana na kujifunika ute wao wenyewe.

Kibofu cha mkojo nacho hupatwa na jambo la namna hiyo. UTI nyingi, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huletwa na bakteria wa utumboni, E. koli, ambaye kwa mwanamke ana safari fupi mno kufika kibofuni: sentimita 4 hivi. Akifika hunasa ukutani, huzaana, hujifunika utando. Ukimeza dawa, walio wazi wanakufa, maumivu yanatulia, unamshukuru Mungu. Walio chini ya utando dawa huwafikia kwa shida, na wengi wao wametulia tu, hawakui, ilhali dawa nyingi humuua bakteria anayekua. Baada ya wiki kadhaa mkojo unachoma tena.

Hapo ndipo ninapowaomba. Tumezoea kurudi dukani: "Nipe ile sipro ya siku ile," vidonge vitano, sita, kadiri ya hela iliyopo. Kila tukifanya hivyo tunaua wanyonge na kuwaachia uwanja walio sugu, nao wakiwa wamebanana chini ya utando huweza hata kupeana vinasaba vya usugu. Utafiti wa HATUA, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, mikoa ya Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro, uliwapima wagonjwa zaidi ya 7,500 waliodhaniwa kuwa na UTI. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa kama theluthi tu, na karibu nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Yaani wengi humeza dawa ya ugonjwa wasio nao, na wengi wa wenye nao huenda wakameza isiyowafaa.

Kwa hiyo ikirudi, nenda zahanati. Sema wazi kwamba imerudi, taja kila dawa uliyomeza, uliza kama mkojo wako unaweza kupelekwa kuoteshwa, yaani bakteria wakuzwe maabara na kujaribiwa dawa moja moja. Mama mjamzito asingoje hata dalili. Apimwe mkojo kliniki.

Wanaoniuma zaidi ni wazee wetu wenye mpira wa mkojo. Niliwahi kumwona mzee juu ya bodaboda, mfuko umejaa, kaupakata mapajani, na kila pikipiki ilipodunda mkojo ulirudi mpirani. Ndani ya mpira mlikuwa na chengachenga nyeupe kama chokaa. Wapo bakteria wanaoufanya mkojo ugande hivyo mpaka mpira unaziba. Utando ukishajengeka humo, kidonge hakiuondoi, mpira hubadilishwa. Nyie mnaomtunza mzee, nawaomba sana: mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, nawa kwa sabuni kabla ya kuumwaga, usiutenganishe na mpira bila sababu. Na kila mkimpeleka hospitali, Murgwanza au Nyamiaga, muulizeni muuguzi, "Bado anauhitaji?" Kila siku mpira unapokaa bila haja, hatari inaongezeka.

Mheshimiwa diwani, na wanakamati wa zahanati zetu, nanyi nina ombi. Mkojo wa kuotesha ukikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili majibu yake hupotosha, na kutoka huku kwetu hadi maabara kubwa ni mwendo. Chanjo za watoto hufika vijijini kwenye vibebeo vya baridi, tena bila kuharibika. Tutafutieni kibebeo kimoja kwa ajili ya sampuli, na siku moja ya wiki inayojulikana ya kuzipeleka. Liingizeni kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kijiji. Nitakuja mapema, na wazee wangu nitawaleta.