Gari la kikundi likichoka mlimani



Wiki hii swali limetoka kwa kikundi kinachonunua ndizi na mchele Beni na kuuza Butembo. Gari lao ni kuukuu, la mazutu, lenye turbo. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Likianza kupanda upande wa Maboya na mzigo, linachoka na kutoa moshi mweusi. Fundi amesema wanunue turbo nyingine. Pesa zipo katika sanduku la akiba, lakini ndizo za masomo ya watoto. Je, wazitoe?

Sisi tunasema: bado. Angalieni kwanza rangi ya moshi.

Turbo ni kama mtu anayepepea makaa. Moshi wa motere unazungusha kigurudumu, nacho kinasukuma hewa ndani ya motere ili mazutu yaungue vizuri. Kigurudumu hicho kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na mafuta ya motere ndiyo yanayokilinda.

Moshi mweusi maana yake mazutu ni mengi, hewa ni kidogo. Fungueni filtri ya hewa, kwa maana vumbi la barabara yetu linaiziba haraka. Kisha pitisheni mkono kwenye mipira inayotoka turbo kwenda motere. Uliopasuka au kulegea unapiga filimbi gari linapopanda. Hayo yanatengenezwa kwa pesa kidogo.

Moshi wa buluu maana yake motere inaunguza mafuta yake. Inaweza kuwa turbo, inaweza kuwa segma, au bomba la kurudisha mafuta limeziba.

Moshi mweupe mzito usiokoma hata motere ikipata moto, na maji ya radiateri yanapungua: msiendelee na safari.

Kabla ya kulipa, mweka hazina aende garaji pamoja na shofere. Motere ikiwa imezimwa na kupoa, fundi afungue mpira wa turbo na kushika mhimili kwa vidole. Ukicheza kidogo sana kwa upande, ni kawaida. Ukienda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza ganda, turbo imekwisha kweli. Hapo muulizeni: imekufa kwa nini? Mafuta machafu yakibaki, au bomba la mafuta lisiposafishwa, hata turbo mpya itakufa vilevile.

Shofere naye akumbuke mambo matatu. Apime mafuta kila asubuhi. Asiikimbize motere ikiwa baridi. Akifika juu na mzigo, aiache ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili turbo ipoe ikiwa bado inapata mafuta.

Wamama, kwetu gari kuharibika njiani si hasara ya ndizi peke yake. Tangu mauaji yaanze Beni mwaka 2014, kila mmoja wetu anajua kwa nini hatutaki giza litukute barabarani. Kwa hiyo gari lenye dalili hizi lisipakie mzigo wala watu mpaka lipimwe mchana, mjini.

Kikundi hicho kianze na filtri na mipira. Sanduku libaki limefungwa mpaka wamama wenyewe wauone mhimili ukicheza.