Kalemie: Diski mbili hazitoshi bila nakala mbali na ziwa

Mfanyabiashara wa Kalemie anayeweka madeni ya wateja ndani ya kompyuta ajiulize: diski ikifa leo, kesho atamdai nani?

RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja, inasaidia, lakini aina zake hazilingani. RAID 0 ina mbio, ila diski moja ikiharibika, yote yanapotea. RAID 5 inadai diski 3 au zaidi na inavumilia kifo cha moja. Umeme ukikatika wakati inaandika, data inaweza kuharibika. Kwa depo au duka la dawa, RAID 1 inatosha: diski 2 zinaandika kitu kilekile. RAID 10, ya diski 4 na zaidi, iachiwe wenye kazi nyingi kwa wakati mmoja.

Lakini wauzaji wasidanganye watu: RAID si nakala ya akiba. Faili ikifutwa, inafutika kwenye diski zote. Mwizi anabeba mashine nzima. Na maji ya Ziwa Tanganyika, yaliyofurika mitaani Kalemie mwaka 2024, hayachagui diski.

Pesa ya diski ya tatu inunue kwanza onduleri, na diski ya nje inayolala mtaa wa juu, mbali na ziwa.