Shokapu ikilia, usikimbilie kununua nyingine

Sisi waandika programu tuna kanuni moja ya zamani: usiguse kosa kabla hujaliona likijirudia mbele ya macho yako. Leo naihamishia kwenye baiskeli za milimani, zile zenye shokapu ya nyuma chini ya kiti. Ndugu msomaji, kama unaendesha moja kisiwani Mfangano, basi haya yanakuhusu sana.

Kwa wasiopafahamu, Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay. Kutoka Mbita unavuka maji. Katikati kuna mlima Kwitutu, na ukitoka Sena kuupanda ni mawe na vumbi. Huko shokapu inafanya kazi kwelikweli. Na ikiharibika, kipuri nacho lazima kivuke ziwa. Ukiagiza kisichohitajika, pesa imekwenda, siku zimekwenda, na kelele iko palepale.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kelele ni ujumbe, na ujumbe husomwa kwanza. Kubadilisha shokapu nzima kwa sababu baiskeli inalia ni sawa na kununua kompyuta mpya kwa sababu programu moja imegoma.

Tuanze. Kwanza hakikisha ni shokapu inayolia. Simama juu ya pedali uendeshe: kelele ikikoma, chunguza kiti na nguzo yake. Kisha teremka mteremko bila kukanyaga pedali: ikikoma, mshukiwa ni pedali au ekseli yake. Ikiendelea kila unapopita bonde, sasa njoo nyuma.

Shika ncha ya shokapu kwa vidole, mkono wa pili uinue kiti polepole, kidogo tu. Ukihisi mchezo, "ko" ndogo kabla gurudumu halijanyanyuka, bushi zimelika au bolti imelegea. Bushi ni kitu kidogo sana, bei yake haikaribii ya shokapu.

Kama ni mlio mkavu wa kukwaruza, fungua maungio ya fremu moja baada ya jingine, futa vumbi, paka grisi, kaza. Kwa shokapu ya springi, paka pia pale springi inapokalia. Jaribu baada ya kila hatua! Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kilichokuponya ni kipi.

"Fyuu" laini ya mafuta yakipita kwenye vali mara nyingi ni kawaida. Bali ikiwa imebadilika ghafla, baiskeli inarukaruka bila kutulia, au unaona mafuta nje ya fimbo, hapo ndipo sili zimechoka. Usiifungue mwenyewe: nyingi zina gesi yenye mgandamizo mkubwa ndani, inaweza kukujeruhi. Hiyo ndiyo ya kupeleka kwa fundi mwenye vifaa, hata kama ni safari ya ng'ambo.

Sasa la ubishi. Maduka husifu shokapu za hewa kwa sababu ni nyepesi. Ni kweli, ni nyepesi. Lakini huhitaji pampu yake maalumu, kwani nyingi hujazwa kati ya psi 100 na 300, na ni vigumu kuziweka sawasawa kwa pampu ya kawaida ya tairi. RockShox, kwa shokapu zake nyingi, hushauri sehemu ya hewa ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Saa moja kwa siku, hiyo haifiki hata miezi miwili! Kwa anayeishi mbali na duka, mimi nasema chukua ya springi. Beba uzito kidogo, upumzike.

Na utunzaji ni bure: futa fimbo kwa kitambaa kila ukirudi, usielekeze maji ya kasi kwenye sili, kagua bolti kila wiki.

Kifaa bora ni kile kinachoweza kutengenezwa pale kinapotumika. Hilo ni kweli kwa programu, na ni kweli zaidi kwa baiskeli iliyozungukwa na maji. Asiyekubaliana nami kuhusu springi, aje na hoja. Na pampu yake.